Kurasa Mia Mbili na Kumi

Mawlamyine, 9 Juni 1995

Kwa Mwalimu U Myat Htay wa safu ya vitabu,

Hunijui, na ukimaliza barua hii huenda ukatamani ungebaki hivyo hivyo. Naitwa Daw Nyunt Shwe. Nina miaka sitini na sita, na kwa miaka thelathini na moja nimekuwa na duka la kukodisha vitabu karibu na soko la juu, hapa Mawlamyine. Jarida lenu hunifikia kwa basi, limechelewa wiki mbili na limelowa pembeni. Safu yako ndiyo naisoma kwanza, maana ukikisifu kitabu wateja wangu wanakuja kukidai, na ukikiponda wanakuja kukidai pia, ila kwa kunong'ona.

Mwezi huu umekiponda *Taa ya Mtambo wa Mchele* cha Thuza Mon. Umesema mwandishi hajui anaandika kitabu cha aina gani: kinaanza na mapenzi, kinageuka cha mizimu, kisha kinatuacha darajani na mjane anayetetemeka, basi, kwisha. Umesema mtu wa namna hiyo anajua kufungua mlango lakini hajui kuufunga. Umewashauri wasomaji wasipoteze jioni yao.

Mwalimu, duka langu lina rafu tano: mapenzi, upelelezi, mizimu, dini na mapishi. Mimi mteja akiingia simuulizi anapenda aina gani. Namuuliza jana alikula na nani. Aliyekula peke yake nampa upelelezi, maana atapata watu wa kuwashuku na kushughulika nao. Anayeishi na mama mkwe nampa mizimu. Msichana aliyeachwa juzi simpi mapenzi hata akilia. Nampa kitabu cha mapishi, wiki ya pili ndiyo nampa mapenzi. *Taa* nimewapa wote hao, na wote wamerudi wakiuliza kama mwandishi ana kingine.

Anacho, au alikuwa nacho. Thuza Mon ni jina la kalamu, mwenyewe namjua vizuri. Alipoisikia safu yako alikuja dukani na mswada wa kitabu chake cha pili, daftari saba zilizofungwa kwa kamba, akaniambia nizikate nizifanye mifuko ya muuza dengu. Ameapa hashiki kalamu tena. Nimeziweka chini ya meza, nimezikalia, na kila asubuhi anapita kuuliza kama nimeshazikata. Sijui nitamzuia hadi lini.

Kwa hiyo nataka uirekebishe safu yako, kwa chapa ile ile na ukubwa ule ule. Na nina swali moja dogo, unijibu kama msomaji kwa msomaji: katika kitabu hicho, ni nani aliyekuwa akiiwasha taa kwenye mtambo uliokufa?

Ni mimi,
Daw Nyunt Shwe


Yangon, 27 Juni 1995

Kwa Bi Nyunt Shwe,

Nimepokea barua yako. Kwa miaka ishirini na miwili ya safu hii nimetukanwa na waandishi, wake zao, na mara moja na mtawa wa pagoda aliyekuwa akiandika mashairi. Ni mara ya kwanza kutukanwa na duka.

Nakuheshimu kwa umri wako na kwa kazi yako. Ila tusichanganye mambo. Wewe kazi yako ni kumpa mteja kitu cha kumpitishia jioni. Mimi kazi yangu ni kusema kitabu kimesimama au hakijasimama. Wateja wako hupenda kuandika maoni yao kwenye ukurasa wa mwisho wa vitabu vya kukodi, "kizuri sana", "nimelia", "usimpe mumeo", na mimi sina ugomvi nao. Lakini huo si uhakiki, ni kuchafua karatasi.

Unauliza nani aliwasha taa. Bi, hilo ndilo swali ninalomuuliza mwandishi! Hajui. Kama angejua angetuambia. Mfikishie ushauri huu: achague njia moja. Akitaka mapenzi, aandike mapenzi. Akitaka mizimu, aandike mizimu. Nimekuorodheshea nyuma ya karatasi hii vitabu vitatu vizuri vya upelelezi na viwili vya safari. Avisome kabla hajashika kalamu tena, kama kweli atashika.

Kuhusu marekebisho, sina cha kurekebisha.

U Myat Htay


Mawlamyine, 8 Julai 1995

Mwalimu,

Nilikutegea kwa swali la taa, ambalo kitabu chenyewe kinalijibu, nawe umeingia miguu yote miwili.

Chukua safu yako uisome kichwa chake. Chini ya jina la kitabu umeandika, kama unavyofanya kwa kila kitabu, jina la mchapaji na idadi ya kurasa: mia mbili na kumi. *Taa ya Mtambo wa Mchele* kina kurasa mia tatu na kumi na nane. Nakijua kwa sababu nimekijalidi kwa mikono yangu. Kilichapwa hapa hapa mjini nakala mia tano, na mchapaji wetu hana desturi ya kuwatumia wahakiki wa Yangon nakala za bure. Basi wewe ulikipata wapi? Ulikikodi, Mwalimu. Ulikikodi kama mke wa kinyozi.

Na sisi wenye maduka kitabu kinene hatukiachi kizima. Tunakikata vipande vitatu, kila kipande tunakishonea gamba lake la kadibodi, ili watu watatu wakisome kwa pamoja mmoja akimkimbiza mwenzake. Mtoto wa darasa la nne anajua kutazama namba mgongoni. Wewe ulichukua cha kwanza na cha pili, cha tatu kilikuwa na mtu, ukarudi nyumbani, ukakaa mezani na miwani yako, ukamhukumu mwanamke wa watu kwa kutomaliza kitabu ambacho wewe ndiye hukukimaliza.

Nilipofika hapo nilicheka hadi jirani akaja kuniuliza kama nimepata barua ya mwanangu. Kisha sikucheka tena. Daftari saba ziko chini ya meza yangu, na mwenye nazo jana hakuuliza kama nimezikata. Aliniuliza mkasi uko wapi.

Nakutumia sehemu ya tatu kwa basi la asubuhi. Ni ya kwangu, nimeitoa mkononi mwa mteja aliyekuwa amebakiza kurasa nne, na amenilaani. Isome, kisha uandike kwenye jarida kwamba ulikosea. Sitaki barua ya kunibembeleza.

Daw Nyunt Shwe


Yangon, 30 Julai 1995

Kwa Bi Nyunt Shwe,

Umesema kweli. Nilirudi kwenye duka la mtaani kwangu nikauliza. Sehemu ya tatu imekaa kwa mke wa daktari wa meno tangu Machi. Mwenye duka alidhani najua. Mimi nilidhani viko viwili, maana cha pili kinaishia mwisho wa sura na karatasi yake ya mwisho ilikuwa imegandishwa kwenye gamba. Ni kosa la aibu na nakuomba radhi wewe binafsi.

Lakini kuchapisha ni jambo jingine. Safu si yangu peke yangu. Nyuma yangu kuna mhariri, na nyuma ya mhariri kuna wenye jarida. Nikisema kwamba kitabu hiki nilikihukumu kabla ya mwisho, msomaji atauliza vingine mia mbili na sitini nilivisomaje. Niko tayari kumwandikia mwandishi barua ya faragha, ya heshima.

Na tusemezane kama watu wazima. Unamjua vizuri mno huyo mwandishi. Mswada uko chini ya meza yako, kurasa unazijua kwa namba, hasira ni zako. Nadhani barua hiyo ya faragha nitakuwa nakuandikia wewe, Bi Thuza Mon, na sioni haja ya kuzunguka.

Kifurushi chako kimefika. Sijakifungua.

U Myat Htay


Mawlamyine, 11 Agosti 1995

Myat Htay, mdogo wangu,

Mimi na wewe tumefika mahali pa kuacha heshima za "Mwalimu", "U" na "Daw".

Hujakifungua! Umeletewa ushahidi hadi mlangoni, na bado unahukumu kwa gamba.

Mimi sijaandika hata sala. Thuza Mon ni Ma Ngwe Khin, ana miaka thelathini na tisa, anasokota sigara za majani kwenye kiwanda kilicho nyuma ya duka langu, sigara elfu moja kwa siku, na amekuwa mteja wangu tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Amesoma rafu zote tano. Ndiyo maana kitabu chake kina mapenzi, na mizimu, na upelelezi, na ukitazama vizuri sura ya sita ina namna ya kupika samaki wa chumvi ambayo mimi mwenyewe sasa naifuata. Hajachanganyikiwa. Ameandika kama mtu aliyesoma duka zima, na maisha ya watu wa huku hayana rafu.

Wiki iliyopita nilikwenda pagodani kupeleka chakula cha watawa. Nikarudi nikamkuta ameketi sakafuni kwangu na mkasi. Daftari moja ilikuwa imeshakwisha, sura ya saba yote, mifuko thelathini na mbili, na bila shaka imekunjwa vizuri kabisa, maana mikono yake haijui kufanya kazi mbaya. Muuza dengu alikuwa ameshaichukua. Nilimnyang'anya mkasi. Hatukuwahi kugombana mimi na yeye kwa miaka ishirini na saba, siku hiyo tuligombana.

Alimwona postamani akiniletea barua yako, akataka aisome, nikampa. Ya kwake nimeitia humu humu. Sikumsahihisha neno.

Nyunt Shwe


Mawlamyine, siku hiyo hiyo

Kwa U Myat Htay,

Barua yako ya faragha usiilete. Ulinitukana mbele ya watu, hutaniomba radhi jikoni.

Kiwandani tuko wanawake arobaini. Safu yako ilisomwa kwa sauti saa ya chakula, na aliyekuwa akisoma hakujua kwamba Thuza Mon ni mimi. Waliposikia "hajui kuufunga mlango" walicheka, nami nikacheka nao nisije nikajulikana. Hicho ndicho ulichonifanyia. Wewe ulikuwa Yangon unakunywa chai.

Daw Nyunt Shwe anadhani naacha kuandika kwa sababu nimeumia. Naacha kwa sababu nimekasirika. Niliandika miaka sita, baada ya kazi, kidole kimoja kimeharibika kwa tumbaku. Kama mwenye kazi ya kusoma hasomi, mwenye kazi ya kuandika ataandikia nani? Usinijibu.

Ma Ngwe Khin


Yangon, 22 Septemba 1995

Kwa Ma Ngwe Khin, na kwa Dada Mkubwa Nyunt Shwe atakayemsomea kama akikataa,

Umeniambia nisijibu. Najibu, kisha sitakusumbua.

Kifurushi nilikifungua siku barua zenu zilipofika. Nilikwenda nacho kwenye kibanda cha chai, nikakaa kwenye kigoda changu cha kila siku, nikasoma tangu ukurasa wa 211. Nilifika ukurasa wa 301, pale Mi Htaw, yule mjane wa darajani, anapopanda ngazi za mtambo akitarajia kuuona mzimu wa mumewe, anamkuta mama mkwe wake anakata utambi wa taa. Mwaka mzima bibi yule amepanda ngazi zile na magoti yake mabovu, ili mkwewe aamini kwamba marehemu anamwangalia, asije akaolewa akaondoka. Nilingoja Mi Htaw apige kelele. Wewe ukamfanya achukue kopo, alitikise, aseme: "Mama, mafuta yamekwisha. Twende nyumbani tukale." Nilisimama nikatoka nje, nikasahau hata kulipa.

Sura kumi za kwanza bado zina maneno mengi. Hilo sibadilishi, na ungenidharau kama ningebadilisha. Lakini kitabu kimesimama. Mapenzi, mzimu na upelelezi vyote vilikuwa taa moja, nami nilikuwa nimekaa nje ya nyumba nikilalamika kwamba kuna giza.

Niliandika safu nzima kusema hivyo. Mhariri aliisoma nyumbani kwake, akiwa amesimama. Alisema, kwa upole, kwamba haitachapwa: "Msomaji akijua hukusoma mpaka mwisho, atatununua kwa nini?" Nikamwambia ama ichapwe ama niondoke. Mkewe alitupatia keki ya ndizi, tukala, tukaagana. Sina safu tena. Mke wangu ameniuliza nitafanya nini na Jumatatu zangu, na kusema kweli sijui. Miaka ishirini na miwili si mchezo, imeniuma.

Sasa sikiliza nilichofanya. Mtaani kwangu na mitaa ya jirani kuna maduka manne yenye kitabu chako. Nimeyazunguka yote kwa miguu, mvua inanyesha. Katika kila duka niliomba sehemu ya pili, nikaibandua karatasi ya mwisho iliyogandishwa kwenye gamba, nikaandika kwa wino, mahali wateja wanapoandika:

*Hapa si mwisho. Mimi, U Myat Htay wa safu ya vitabu, nilidhani ni mwisho, nikamponda mwandishi mbele ya watu kwa kitabu ambacho sikukimaliza. Kosa ni langu. Tafuta sehemu ya tatu, na kama iko kwa mtu, mngoje. Inafaa kungojewa.*

Nimetia jina langu kamili na tarehe. Nilizoea kusema huku ni kuchafua karatasi. Katika duka la tatu nilirudi baada ya siku nne kuona kama imebaki, nikakuta mtu ameshaandika chini yake kwa penseli: "Sisi tulijua tangu mwaka jana, mjomba." Na mwingine chini ya huyo: "Mwacheni, amekuja."

Dada Mkubwa, sehemu yako ya tatu nairudisha kwa basi. Mpe yule mteja amalize kurasa zake nne.

Ma Ngwe Khin, miezi ya mfungo wa watawa inakaribia kwisha, na kwa desturi yetu mdogo ndiye anayepiga magoti mbele ya mkubwa kuomba radhi. Mimi nina miaka hamsini na minane, wewe thelathini na tisa. Chukulia kwamba nimepiga, tena si jikoni.

Myat Htay


Mawlamyine, 14 Oktoba 1995

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma kiwandani, saa ya chakula, kwa sauti, mbele ya wote arobaini. Ngwe Khin hakuniruhusu. Nilisimama kwenye kreti, nikasema nina barua kutoka kwa yule bwana wa Yangon kwenda kwa Thuza Mon, na Thuza Mon ni yule pale aliyeinamisha kichwa kwenye majani. Alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Nikasoma mpaka mwisho, sikuruka hata pale pa maneno mengi.

Nilipomaliza hakuna aliyecheka. Yule aliyesoma safu yako mara ile alitoka kwenye mkeka wake, mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, akaenda akapiga magoti mbele ya Ngwe Khin. Ngwe Khin akamwinua kwa mkono akamwambia aache ujinga, ana majani ya kukata.

Kwako hajasema asante, na mimi sitamlazimisha. Amesema nikufikishie mambo mawili. La kwanza, sura kumi za kwanza zitabaki zilivyo, na kama zina maneno mengi ni kwa sababu watu wa huku wana maneno mengi. La pili, umeacha kazi yako kwa hiari, yeye hakukuomba, usije ukamdai kitabu kizuri kama fidia.

Kisha akaniuliza daftari zake ziko wapi.

Sita nilikuwa nimezificha kwenye pipa la mchele. Ya sura ya saba tulikwenda kuitafuta kwa muuza dengu, mimi na yeye, na wanawake sita wa kiwandani nyuma yetu. Tulipata mifuko mitatu yenye mafuta. Kwenye mmoja palikuwa na nusu ya ugomvi wa mapenzi, na pilipili. Akausoma pale pale barabarani, akaukunja, akautupa jalalani. Alisema sura ile ilikuwa ya woga, ameandika akiwaza watu kama wewe watasema ni ya aina gani. Anaiandika upya. Jana amekuja na kurasa kumi na nne, na mpelelezi mle ndani ni mpishi wa nyumba ya watawa.

Mchapaji anataka kwanza aone kama kitabu kitasomwa. Nimemwambia atakiona. Sura zilizo tayari nimezigawa vipande vinne, nimevishona kwa uzi mara mbili, na kwenye ukurasa wa mwisho wa kila kipande nimeandika kwa herufi ambazo hata mhakiki ataziona: HAPA SI MWISHO.

Umesema Jumatatu zako hazina kazi. Basi nakutumia kipande cha kwanza. Kisome, na kwenye ukurasa wa mwisho andika unachofikiri, kibaya kama ni kibaya, na jina lako kamili. Halafu ukirudishe kwa basi la asubuhi. Cha pili hukipati mpaka cha kwanza kifike mkononi mwangu, na ujue mbele yako foleni ina wanawake kumi na mmoja.

Dada yako,
Nyunt Shwe